Kuangamia na Kuangamiza

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa ukalimani katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, mwishoni mwa miaka ya 1990. Sikuisomea. Mimi ni Muha wa milima ya Buhigwe, upande wa Manyovu, ambako ukipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba unaiona Burundi na migomba yake. Wakati ule Buhigwe ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kasulu; wilaya yetu ilizaliwa mwaka 2012. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba mtoto wa Manyovu hafundishwi Kirundi, anakisikia tu. Mashirika kambini yalitafuta vijana wa namna hiyo, waliomaliza kidato cha nne na wanaoweza kuandika Kiswahili kilichonyooka, nami nikaajiriwa.

Asubuhi moja aliingia bibi mmoja, mjane, akakaa kwenye benchi na kuweka fimbo yake magotini. Afisa alikuwa na fomu, mimi nilikaa katikati yao. Bibi alieleza kwa mpangilio alivyoikimbia Burundi mwaka 1993, jina la kilima chake, siku aliyoondoka, watoto aliokuja nao. Kisha akaulizwa kama familia yake iliwahi kupatwa na jambo lolote kabla ya hapo. Akasema ndiyo, mume wake alichukuliwa na ikiza mwaka 1972.

Nilisita. Ikiza, kwa Kirundi cha kila siku, ni tauni. Ni ndui, ni njaa kuu, ni ugonjwa unaopita nyumba hadi nyumba. Afisa alikuwa ameshika kalamu akinisubiri. Nikamgeukia bibi nikamuuliza, ikiza gani, bibi, ugonjwa?

"Oya, mwana wanje," akasema. Hapana, mwanangu. "Ikamyo."

Ikamyo ni lori. Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Askari walikuja na karatasi yenye majina, wakayasoma, waliotajwa wakapandishwa kwenye lori, na lori likaondoka. Nilimwambia afisa kwamba mume wa huyu mama aliuawa na askari mwaka 1972, na kwamba yeye mwenyewe hutumia neno la tauni. Afisa aliandika nusu ya kwanza ya sentensi yangu. Nusu ya pili nimekaa nayo mimi.

Baadaye nilijua kwamba bibi hakulitunga. Ikiza ndilo jina ambalo Warundi wengi huyaitia mauaji ya 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule waasi walishambulia kusini, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Kisha serikali ya Michel Micombero ikawageukia Wahutu nchi nzima, na kwanza kabisa wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara. Wanahistoria hukadiria waliouawa kuanzia watu 100,000 na kupanda hadi mara mbili au tatu ya hapo. Waliobaki walijifunza kunyamaza. Mjane angeweza kusema kwa sauti kwamba mumewe alichukuliwa na tauni, maana tauni haina jeshi wala rais. Kumtaja askari hangeweza.

Tangu hapo, kila ninaposikia jina la maafa makubwa, huwa nauliza kwanza: katika neno hili, nani amefanya?

Naliuliza swali hilo hata sasa ninapofundisha Kiswahili sekondari, kwa sababu lugha yetu ina hazina kubwa ya maneno ya uharibifu na mengi yamejificha nyuma ya pazia lile lile la bibi. Janga huja. Maafa hutokea. Gharika hushuka. Kiama kina Mwenyewe, na hakuna mwanadamu wa kushtakiwa kwacho. Na mnyama au mti anapomalizwa mpaka wa mwisho, tunasema ametoweka, kama vile aliamka alfajiri akafunga mizigo yake akaenda zake bila kuaga.

Mauaji ni neno lingine. Lina muuaji ndani yake. Oktoba 1993 nilikuwa bado shuleni wakati Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi aliyechaguliwa na wananchi kwa kura ya vyama vingi, alipouawa tarehe 21, na ndani ya siku chache barabara ya Manyovu ikajaa watu. Nakumbuka mama mmoja aliyebeba godoro kichwani na kuku mikononi, na mtoto wake aliyebeba sufuria yenye maharage mabichi yaliyolowekwa, maji yakimwagika kwenye miguu yake; walikuwa wameyaloweka ili wayapike jioni ile kwao. Akina mama wa kwetu waliwasha moto wakayapika maharage yale yale. Nusu mwaka baadaye ikaja Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na redio ikaanza kutufundisha maneno: mauaji ya halaiki, na baadaye mauaji ya kimbari.

Wazee wa kijijini waliokaa kwenye redio walilijadili neno hilo la pili. Mbari ni ukoo, watu wa asili moja. Wanyarwanda wenyewe walikuwa na itsembabwoko, na Muha hahitaji kuelezwa kilichomo, kwa sababu ubwoko analijua: ni aina, ni ukoo, ni kabila. Yote mawili, la Kiswahili na la Kinyarwanda, yanafanya kazi moja. Yanasema kwamba watu waliuawa, kwamba waliuliwa kwa ajili ya walivyozaliwa, na kwamba kuna waliowaua.

Neno lililo nyuma ya hayo lilitungwa na mkimbizi. Raphael Lemkin alikuwa mwanasheria wa Kiyahudi kutoka Poland. Aliikimbia nchi yake Wajerumani walipoivamia mwaka 1939, akafika Marekani 1941, na vita vilipokwisha alikuta ndugu zake 49 wameuawa. Mwaka 1941 Churchill alisema redioni kwamba dunia ilikuwa mbele ya jinai isiyo na jina. Lemkin aliipa jina katika kitabu chake cha mwaka 1944, akaunganisha neno la Kigiriki la ukoo na la Kilatini la kuua: jenosaidi. Hakuishia kwenye kitabu. Alizunguka kwenye korido za Umoja wa Mataifa akiwashika mabalozi mashati mpaka mkataba ukapitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1984.

Na ni Tanzania ndiko neno hilo lilikopata hukumu yake ya kwanza katika mahakama ya kimataifa. Tarehe 2 Septemba 1998, Arusha, mahakama iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Miaka 50 kasoro miezi michache tangu mkataba. Mimi nilikuwa Mtabila nikitafsiri, na habari hiyo ilipofika kambini kwa redio ilisikilizwa kimya. Kilichonigusa zaidi niliposoma habari za kesi ile ni jinsi majaji walivyolazimika kukaa chini na mtaalamu wa lugha, wapimiwe maneno ya Kinyarwanda moja moja. Inyenzi, yaani mende, lilimaanisha nini kinywani mwa mtu aliyesimama mbele ya umati mwaka 1994? Wauaji nao ni watunzi wa maneno. Kuua waliita kufanya kazi. Kuwamaliza watu wa kijiji waliita kufyeka vichaka. Muha anayefyeka shamba lake kila Agosti kabla ya mvua za kwanza anajua neno hilo lilivyo safi kwenye shamba, na ndiyo maana lilifaa kufichia damu.

Kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Linatakiwa jina linaloelekeza kidole.

Mfano ulio bora kuliko yote ninayoijua umetoka mbali, Marekani, lakini umefanywa kwa Kiswahili. Wasomi wenye asili ya Afrika walitafuta neno la Kiafrika la kuitia biashara ya utumwa na yote yaliyofuata. Marimba Ani akachagua Maafa, na neno likaenea. Leo yako makanisa ya Wamarekani weusi yanayofanya kumbukumbu ya Maafa kila mwaka. Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, akapinga. Alisema maafa yanaweza kuwa ajali au jambo la bahati mbaya tu, bali yaliyowapata mababu zao yalikusudiwa. Akapendekeza Maangamizi, kwa sababu linatokana na kuangamiza, na kuangamiza ni tendo la mtu anayesababisha.

Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka bibi wa Mtabila. Karenga alikuwa ameona jambo ambalo sisi tunaokiamkia Kiswahili kila siku tunalipita bila kuliangalia. Kuangamia ni kufikwa na mwisho. Kuangamiza ni kumfikisha mwingine huko. Kiungo kidogo tunachokifundisha kidato cha pili chini ya kauli ya kutendesha ndicho kinachotenganisha msiba na jinai. Na hoja hiyo kwetu Kigoma si ya vitabuni tu. Njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilianzia Ujiji, ng'ambo ya milima yetu, ikapita Tabora mpaka Bagamoyo. Watu wetu walipita humo wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo, na waliowafunga walikuwa na majina.

Sasa nije kwenye uhai wote, maana ndiko swali hili limenifikisha, na aliyenifikisha ni mrina asali wa Kibondo.

Kibondo na Kakonko zina asali nzuri. Atakayebisha aje aionje. Mzee huyu alikuwa na mizinga ya magogo aliyoitundika kwenye miombo, baadhi yake ameirithi kwa baba yake. Alinichukua mpaka sehemu ambayo nilipokuwa kijana ilikuwa msitu, na sasa ni visiki na magugu na vipande vya mkaa. Hakuzungumzia miti kwanza. Alichuchumaa, akafukua udongo kwa panga pembeni ya kisiki, akanionyesha kwamba mizizi imekauka na udongo ni mkavu kama majivu. Akasema hapa uyoga hauoti tena, kwa sababu ule wa msituni unaishi na mizizi ya mti hai. Mti ukifa nao unakwisha. Mvua za kwanza wanawake wa kijiji walikuwa wanatoka hapa na vikapu vimejaa, wanauza barabarani. Akataja ndege anayewaongoza watu kwenye asali: hajamsikia upande huu kwa miaka. Nyuki nao hawana ua la kwenda. Akataja wadudu wawili watatu kwa majina ya Kiha ambayo siyajui kwa Kiswahili. Kisha akainuka akafuta panga.

"Hapa pamekufa, mwalimu."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akisema hivyo. Mti umekufa, sawa. Nyuki wamekufa, sawa. Yeye alisema pamekufa, mahali penyewe, pamoja na vyote vilivyomo. Nikamuuliza, mzee, nani kafanya?

Hakuharakisha kujibu. Mwisho akasema: ni wewe unayepikia mkaa, ni mimi niliyeuza eneo langu kwa mlima tumbaku, ni wale waliokuja hawana kuni, na ni yule aliyewafukuza kwao.

Nimelipima jibu hilo kwa muda mrefu na naona lina haki kuliko mengi niliyosoma. Kigoma tumewapokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 50. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Warundi walipokimbia tena mwaka 2015 ikajaa hadi kupita watu 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa duniani, na Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya. Watu wote hao wanapika. Ungepita barabara ya Makere ungewakuta wanawake wakirudi na mizigo ya kuni kutoka mbali zaidi mwaka hata mwaka. Wapo wenzangu wanaowanyooshea kidole wao. Mimi siwezi. Mama anayekata kijiti achemshie watoto uji hajaangamiza kitu. Lakini kuna mtu, Bujumbura au Kivu, aliyekaa kwenye kiti akaamua kwamba watu wale waondoke, na uamuzi wake uliua watu kule na misitu huku. Risasi iliyopigwa ng'ambo ya Malagarasi ilikata miombo ya Kasulu.

Dunia ina neno ililolitunga kwa ajili ya mauaji ya mahali, na lina historia inayofaa kusimuliwa. Kati ya 1962 na 1971 Marekani ilimwaga dawa za kupukutisha majani juu ya misitu na mashamba ya Vietnam. Arthur Galston, mtaalamu wa mimea, aliona kwamba utafiti alioufanya ujanani kuhusu soya ulikuwa umechangia ujuzi wa dawa za namna hiyo. Mwaka 1970, kwenye mkutano Washington, alipendekeza iwepo jinai iitwayo ekosaidi, kwa kufuata nyayo za neno la Lemkin. Juni 1972, Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden, akalitumia wazo hilo mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliofanyika Stockholm, ule uliozaa UNEP, shirika la mazingira la Umoja huo, lenye makao yake Nairobi. Tazama tarehe. Juni 1972 dunia ilikuwa Stockholm ikijifunza kuita kifo cha misitu kwa jina lake. Juni ile ile malori yalikuwa yanapita kwenye vilima vya Burundi, na wajane walikuwa wanatafuta neno la tauni.

Mwaka 2021 jopo la wanasheria, likiongozwa na Philippe Sands wa Uingereza na Dior Fall Sow wa Senegal, lilitoa fasili: matendo ya haramu au ya kutojali yanayofanywa na mtu anayejua kuwa yana uwezekano mkubwa wa kuleta madhara mazito kwa mazingira, yaliyoenea au ya kudumu. Naomba msomaji ashike neno hilo, anayejua. Ndiyo mizani inayomtoa yule mama wa kuni na kumbakiza aliyekaa kwenye kiti. Februari 2024 Ubelgiji, iliyotawala Burundi, Rwanda na Kongo, iliiweka jinai hiyo katika sheria zake. Septemba mwaka huo huo Vanuatu, Fiji na Samoa, visiwa vinavyomezwa na bahari, viliomba rasmi iingizwe kwenye Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo tangu 2002. Siku ya kupiga kura itakapofika, mjumbe wetu atanyanyua mkono kwa ajili ya neno gani?

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema uharibifu wa mazingira. Uharibifu! Mtoto akivunja kikombe ni uharibifu. Ng'ombe akiingia kwenye maharage ya jirani ni uharibifu. Neno hilo lina kazi yake na liendelee nayo, lakini haliwezi kubeba mahali palipokufa.

Tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wanasayansi waligundua chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hayuko popote pengine duniani. Anazaa watoto hai, hatagi kama vyura wengi. Aliishi kwenye eneo la ekari chache tu lililolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, sehemu kubwa sana ya maji ikageuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakoma, mimea ya pale ikabadilika, ugonjwa wa ukungu ukawapata vyura waliobaki, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Vyura 499 walikuwa wamechukuliwa kwenda Marekani. Wazao wao wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni chini ya manyunyu ya mabomba.

Sisemi waliojenga Kihansi walikuwa na nia mbaya. Umeme ule unaniwashia taa na mimi. Wala sisemi wanastahili jina zito ninalolitafuta hapa. Walipoona hatari walihangaika, na chura yupo hai kwa sababu ya kuhangaika kwao. Nasema tu kwamba hakutoweka. Alitowekeshwa, na neno hilo linakwama kinywani kwa sababu hatujazoea kulihitaji.

Kuna shimo lenye kina kuliko korongo la Kihansi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Katanga, wanakozungumza Kiswahili, kuna mgodi uitwao Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka humo, ikachimbwa na Wakongo chini ya kampuni ya Kibelgiji, na tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaanguka Hiroshima. Kuanzia siku hiyo mwanadamu ameshika uwezo wa kumaliza si mbari, si nchi, bali kila kinachopumua. Wazungu walitunga neno kwa hilo pia, omnisaidi, na John Somerville, mwanafalsafa wa Marekani, akalipigania miaka mingi. Sisi tunasema silaha za maangamizi, na tumesema vizuri bila kukusudia. Mwamba ulitoka kwa wasemaji wa Kiswahili. Haifai lugha yao ikose jina la kile mwamba ule unachoweza kufanya.

Nimejaribu maneno mengi darasani na wanafunzi wangu. Kuteketeza ni la moto. Kutokomeza tumeshalipa kazi njema, tunatokomeza malaria na ujangili, lisiharibiwe. Hilaki ni zuri, lina uzito, ila kijana wa Kasulu hulisikia kwenye mashairi tu. Wapo walioniambia tukope, tuseme ekosaidi tuishe. Sipingi kukopa, Kiswahili kimekopa na kimenenepa. Lakini neno la mashtaka lazima lieleweke na anayeshtaki. Mrina asali wa Kibondo akifika mbele ya hakimu aseme mwenyewe alichoona, bila mkalimani.

Neno langu ni maangamizi ya uhai. Nasema uhai, sisemi maisha, kwa sababu maisha ni ya watu, na uhai ni wa mtu, nyuki, uyoga na chura kwa pamoja. Na mtendaji wake ni mwangamizi wa uhai. Wanafunzi wangu wanalielewa bila kufafanuliwa, na wanapolitumia huuliza wenyewe, bila kusukumwa: mwangamizi hapa ni nani? Hilo ndilo nililotaka.

Naliwekea sharti moja. Lisitumiwe ovyo. Aliyekata mti bila kibali ameharibu, aadhibiwe kwa uharibifu. Mbunge asilipige jukwaani dhidi ya wafugaji asiowapenda, wala mkuu wa kijiji dhidi ya wakimbizi. Liwekwe kwa anayejua, mwenye uwezo wa kuacha, naye haachi.

Wapo watakaosema Kigoma ni mbali sana kupendekezea taifa neno. Walimu wa isimu hutuambia kwamba neno bunge Kiswahili kimelitoa kwa Waha. Tumewahi kutoa na likakaa Dodoma.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, na sheria za zamani zinaendelea kutafsiriwa. Naliomba Baraza la Kiswahili la Taifa lilipime neno hili sasa, kabla kesi haijaja. Nawaomba wabunge wa Kigoma, Buhigwe na Kasulu na Kibondo, walipeleke bungeni siku Mkataba wa Roma utakapojadiliwa. Na wewe msomaji, ukiandika kesho kwamba msitu fulani umetoweka au samaki fulani wamekwisha, ongeza sentensi ya pili, umtaje aliyewamaliza.